Kitabu Kabla ya Sindano: Maswali ya Wasomaji kwa Daktari wa Watoto

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya chache tu, mpango wa Marekani uitwao Reach Out and Read, ambao madaktari wa watoto huutumia kuwapa watoto wadogo vitabu wanapoletwa kliniki. Tulisema kwamba familia za Walatino wenye kipato kidogo, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na nchi za jirani, ni miongoni mwa wale ambao watafiti wamewafuatilia kwa karibu. Hatukutarajia kwamba aya hizo zingeleta barua nyingi kiasi hiki. Tumechagua nne, na tumezifupisha.

Vitabu tunagawa, lakini hakuna kinachobadilika

*Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kisii, ninayeishi Lowell, Massachusetts, na ninafanya kazi katika kliniki ya watoto katika mji wa jirani wa Lawrence, ambako wengi tunaowahudumia wana asili ya Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico. Kwa kuwa daktari ana dakika kama 15 tu kwa kila mtoto, vitabu vya msaada vimehamishiwa kwa karani wa mapokezi, naye humpa mama kitabu pamoja na karatasi ya miadi anapoondoka. Akina mama wanashukuru na watoto wanafurahi, ila wakirudi baada ya miezi 3 nikawauliza kama wanawasomea watoto nyumbani, wengi hutabasamu tu. Je, tunapoteza fedha za wafadhili, au kuna jambo tunalolikosea?*

Fedha hazipotei, ila mmekitoa kitabu mahali pake pa kazi. Mpango huu ulianza mwaka 1989 katika hospitali iliyoitwa wakati huo Boston City Hospital, si mbali na hapo ulipo. Madaktari Barry Zuckerman na Robert Needlman, wakishirikiana na walimu wa watoto wadogo, walikusudia mambo matatu yaende pamoja: mtoto apewe kitabu kipya kinacholingana na umri wake, mzazi apate maneno machache ya daktari kuhusu kumsomea mtoto, na familia zinapongoja zamu kuwe na mtu wa kujitolea anayewasomea watoto, ili wazazi waone kwa macho yao jinsi jambo hilo linavyofanyika. Kitabu kikipitia dirisha la mapokezi, la kwanza limebaki, la pili limekufa, na la tatu, nadhani, kwenu halikuwahi kuzaliwa.

Hebu tutazame kinachotokea kitabu kinapoingia na daktari. Anasalimia, na kabla hajavaa kifaa cha kusikilizia moyo anamnyoshea mtoto wa miezi 6 kitabu cha kurasa ngumu za kadibodi. Mtoto anamkodolea macho mbwa aliyechorwa kwenye jalada, anakivamia kitabu kwa mikono miwili, anakipeleka kinywani. Katika nusu dakika hiyo daktari ameshaona kama mtoto anaweza kuketi, kama macho yote mawili yanafuata kitu kimoja, kama mkono wa kushoto unafanya kazi sawa na wa kulia. Ameona pia jambo ambalo mizani na futi haziwezi kumwonyesha, nalo ni namna mama anavyojibu: kama anainama na kusema *mira, el perro*, yaani tazama, mbwa, au kama anamnyang'anya mtoto kitabu kwa kuogopa kitachafuka. Mtoto akifika mwaka 1 daktari ataangalia kama anaelekeza kidole kwenye picha. Akifika miezi 18, kama anataja jina la kitu anachokiona. Akifika miaka 2, kama anafunua karatasi mojamoja. Daktari wenu anayesema hana muda huenda hajagundua kwamba kitabu kinamsaidia kupima maendeleo ya mtoto, kazi ambayo ingemlazimu kuifanya kwa maswali mengi.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa akina mama unaowahudumia. Katika Kihispania neno *educación* halina maana ya masomo ya darasani peke yake. Mtoto anayeitwa *bien educado* ni mtoto aliyelelewa akaleleka, mwenye adabu mbele ya wakubwa, na wewe uliyezaliwa Kisii huhitaji kuelezwa zaidi. Wazazi wengi waliokulia katika desturi hiyo huona kwamba adabu hufunzwa nyumbani na herufi hufunzwa na mwalimu. Kwa hiyo kumwambia mama amsomee mtoto ambaye hata kuketi hajaketi vizuri kunaweza kumshangaza kama vile umemwambia amfundishe hesabu za sehemu. Karani hawezi kuyavuka mazoea hayo kwa kumkabidhi mama mfuko. Daktari anaweza, kwa sababu neno lake lina uzito wa dawa, na kwa sababu ana nafasi ya kukiweka kitabu upande wa malezi badala ya kukiacha upande wa shule: mpakate kabla hajalala, mwonyeshe picha, mtajie majina ya vitu, akichoka mwache. Hayo hayachukui hata dakika moja, na yakisemwa kwa Kihispania, au kupitia mkalimani aliye makini, yanafika.

Sasa, wewe si daktari, lakini mikono yako ndiyo inayomgusa mtoto kwanza. Ninakushauri umwombe msimamizi wako vitabu virudishwe chumba cha kupimia uzito, vipangwe kwa umri, nawe ukishamaliza kumpima mtoto uweke kitabu kimoja juu ya faili lake ili daktari asiweze kulifungua bila kukishika. Mtafutieni mtu wa kujitolea anayejua Kihispania aketi na watoto penye viti vya kungojea, hata kama ni kwa siku 2 za juma. Na lile swali lako libadilishe. Ukimwuliza mama, "Unamsomea mtoto?" umempa mtihani, na tabasamu lake ndiyo njia ya heshima ya kukwepa mtihani. Mwulize mtoto anapenda ukurasa gani. Aliyekifungua kitabu atakutajia bata au basi jekundu, na ambaye hakukifungua hutamwaibisha.

Nikupe na sababu ya kutokata tamaa. Mtoto wa chini ya miaka 3 wa familia yenye kipato kidogo mara nyingi hayuko katika shule yoyote, na maktaba huenda iko mbali au wazazi wanaogopa fomu zake, hasa wale ambao makaratasi yao ya uhamiaji hayajakamilika. Kliniki anakwenda. Kati ya miezi 6 na miaka 5, ratiba ya kawaida ya madaktari wa watoto wa Marekani ina mahudhurio 10, na watoto wengi wa kipato cha chini hulipiwa na bima ya serikali ya Medicaid. Hakuna mtu mwingine mwenye taaluma anayeonana na watoto hao mara nyingi hivyo kabla hawajaingia darasani, na kitabu hakidai fomu yoyote.

Tutajuaje kwamba si bidii ya wazazi wenyewe?

*Shikamoo daktari. Ninasoma afya ya jamii jijini Dar es Salaam. Nilisoma makala yenu kwa shauku, lakini nikajiuliza: mzazi anayehudhuria kliniki bila kukosa na kupokea kitabu kwa furaha si ndiye yule ambaye angemsomea mtoto hata asingepewa? Kuna ushahidi gani kwamba ni mpango uliofanya kazi, wala si bidii ya mzazi?*

Marahaba. Swali lako ndilo walilojiuliza watafiti wa Providence, Rhode Island. Walichukua familia 135 za Walatino wenye kipato kidogo, zenye watoto wa miezi 5 hadi 11, wakazigawa kwa bahati nasibu ili bidii ya wazazi isiegemee upande mmoja. Kundi la kwanza lilipata kitabu cha lugha mbili, karatasi ya maelezo ya lugha mbili na ushauri wa daktari. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida ya kliniki. Baada ya miezi kama 10, wazazi waliosema wanawasomea watoto wao angalau siku 3 kwa juma walikuwa asilimia 66 katika kundi la kwanza na asilimia 24 katika la pili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999.

Hapo usishangilie upesi, kwa sababu watafiti haohao walipopima maneno ambayo watoto walikuwa wameshayajua, hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi. Nami sioni ajabu: watoto hao walikuwa bado wadogo, na miezi 10 ni muda mfupi wa kungoja lugha izae. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine wa mji huohuo, wenye familia 205 za asili mbalimbali, ulionyesha kwamba watoto waliofikia miezi 18 hadi 25 na ambao familia zao zilikuwa katika mpango walielewa na kutamka maneno mengi zaidi kuliko wenzao. Huko New York, ambako watoto wengi waliopimwa walikuwa Walatino, utafiti wa mwaka 2001 ulilinganisha kliniki iliyokuwa na mpango kwa miaka kadhaa na nyingine iliyofanana nayo lakini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Watoto wa kliniki ya kwanza walizidi kwa alama 8.6 katika kipimo cha kuelewa maneno na alama 4.3 katika kipimo cha kuyatamka. Wewe mwanafunzi wa afya ya jamii utaona mara moja kasoro ya utafiti huu wa mwisho, kwamba haukutumia bahati nasibu, na mtu anaweza kudai kwamba kliniki mbili hazifanani hata zikifanana.

Kwa hiyo mimi husema hivi: kwamba mpango unawafanya wazazi wasome zaidi na watoto wao, hilo ninalishikilia bila wasiwasi, kwamba unaongeza lugha ya mtoto, ninalikubali kwa watoto waliokwisha kupokea vitabu kwa muda mrefu, kwamba peke yake utaziba pengo la shule kati ya tajiri na maskini, hilo silisemi, wala sijaona ushahidi wa kunifanya niliseme. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2014 kwamba kuhimiza kusoma ni sehemu ya lazima ya huduma ya msingi ya mtoto, na nadhani hakikukosea, maana gharama ya kitabu kimoja cha kadibodi ni ndogo ukilinganisha na vitu vingi tunavyoviandika kwenye cheti bila kufikiri mara mbili.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa utakutana nalo katika masomo yako. Utasikia ikirudiwa kwamba mtoto maskini huingia shule akiwa amesikia maneno milioni 30 pungufu ya mtoto wa tajiri. Hesabu hiyo ilitokana na familia 42 tu za Kansas, imebishaniwa sana, na imewafanya watu wengi kuzitazama familia maskini kama nyumba za mabubu. Utafiti wa mwaka 2013 juu ya familia 29 za Walatino wenye kipato kidogo huko California, zinazozungumza Kihispania, unafundisha zaidi. Watoto wa miezi 19 walivalishwa kinasa sauti kwa siku nzima, na katika muda wa saa 10 mmoja wao alisemeshwa maneno zaidi ya 12,000 na mwingine 670 tu. Wote walikuwa wa hali moja ya maisha na lugha moja, na bado tofauti ilikuwa kubwa kiasi hicho. Tena yale maneno ambayo wakubwa waliambiana wao kwa wao mtoto akiwa pembeni hayakuonekana kumwongezea kitu. Yaliyomfaa ni yale aliyoambiwa yeye. Kitabu kilichofunguliwa kwenye mapaja ya mama kinamlazimisha mama aseme na mtoto, na hapo ndipo ninapoona siri yake.

Asome kwa lugha gani?

*Daktari, mimi ni baba wa watoto watatu, mwenyeji wa Uvira, na sasa ninaishi Phoenix, Arizona. Jirani yangu ametoka Guatemala. Lugha yake ya nyumbani ni Kimam, mojawapo ya lugha za wenyeji wa asili wa huko, Kihispania anakijua cha sokoni, Kiingereza kidogo sana, na kusoma hakujua vizuri hata kwao. Kliniki wamempa mtoto wake kitabu cha Kihispania na Kiingereza, na mwalimu mmoja wa chekechea amemwambia awaongeleshe watoto Kiingereza tu ili wasichanganyikiwe. Kitabu amekiweka juu ya kabati. Mimi mwenyewe niliambiwa maneno hayohayo kuhusu Kiswahili. Tumfuate mwalimu?*

Hapana, ndugu yangu, msimfuate. Simlaumu sana, kwa kuwa ushauri huo umezagaa na wengi huutoa kwa nia njema, lakini hauna msingi. Mtoto anayekua na lugha mbili au tatu hachanganyikiwi. Huenda akajua majina ya vyombo vya jikoni kwa lugha moja na majina ya wanyama kwa nyingine, na anayempima kwa Kiingereza peke yake atadhani amechelewa, kumbe maneno yake yamegawanyika katika mikoba miwili. Anapochanganya lugha katika sentensi moja anafanya wanachofanya wakubwa wake kila siku. Na yale anayojifunza kwa lugha ya nyumbani, kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho, kwamba alama zilizochapwa zina maana, kwamba ukurasa hufunuliwa kuelekea upande fulani, hayo huyabeba yote hadi kwenye Kiingereza cha darasani.

Madaktari walio katika mpango huu huwaambia wazazi wasome kwa lugha wanayoijua vyema. Mzazi anayejikongoja katika Kiingereza humpa mtoto sentensi fupi, amri na ukimya. Akirudi kwenye lugha yake anapata utani, maswali na hadithi za babu. Jirani yako basi akiteremshe kitabu kutoka juu ya kabati, amketishe mtoto, amweleze picha kwa Kimam. Hahitaji kusoma hata neno moja lililoandikwa. Akiona picha ya kuku, na aeleze kuku wa kwao walivyokuwa wakilala mtini. Mtoto akielekeza kidole, aulize ni nini, angoje, kisha aongeze neno moja juu ya lile alilosema mtoto. Watafiti wa lugha ya watoto wanasifu namna hiyo ya kusoma kwa mazungumzo kuliko ile ya kukariri maandishi mfululizo mtoto akiwa ameduwaa. Wazazi wa jamii za asili za Guatemala na Meksiko waliohamia Marekani mara nyingi huhesabiwa kliniki kama wasemaji wa Kihispania, na hilo ni kosa ambalo jirani yako ana haki ya kulisahihisha: amwambie muuguzi waziwazi kwamba lugha yake ni Kimam, na aombe vitabu vyenye picha nyingi au visivyo na maneno kabisa.

Kwa upande wako, usinung'unike kwamba mwanao amepewa kitabu cha Kiingereza au cha Kihispania badala ya Kiswahili. Utafiti wa Seattle, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba hata pale vitabu vilipokuwa vya Kiingereza peke yake, familia za lugha mbalimbali zilifaidika na mpango. Picha haina lugha. Itie Kiswahili cha Uvira. Na kama kuna maktaba karibu, ulizia shughuli za tarehe 30 Aprili, siku ya watoto na vitabu iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa kufuata siku ya mtoto ya Meksiko, ambayo maktaba nyingi za Marekani huiadhimisha kwa hadithi za lugha mbalimbali.

Mjukuu anakitafuna

*Mwanangu daktari, hujambo? Mimi ni bibi, niko Tanga. Binti yangu yuko Houston, ameolewa na kijana wa Kimeksiko, wana mtoto wa miezi 8. Nikiwapigia simu ya video ninamwona mjukuu ametia kitabu kinywani, ati amepewa na daktari. Nimewaambia wakiweke mpaka apate akili. Nimekosea?*

Sijambo, bibi, shikamoo. Umesema kwa uchungu wa mali, na mali hulindwa, lakini waache amtafune mbwa na paka wake. Kwa miezi 8 kinywa ndicho anachochunguzia dunia, na kurasa zile zimetengenezwa kwa kadibodi ngumu zenye kufutika kwa kitambaa ili zivumilie mate. Wamwangalie tu asimeze kipande kilichobanduka. Baada ya miezi michache utamwona anakishika kwa kukipindua, kisha anakigeuza mwenyewe, kisha anakuletea mbele ya simu.

Siku hiyo usimwache. Mwambie binti yako ainue kitabu karibu na kamera nawe umtajie mjukuu kila picha kwa Kiswahili, huku babake akizitaja kwa Kihispania. Kikichakaa msikitafutie gundi. Akitimiza miezi 9 atarudi kliniki, na kwa utaratibu wa mpango atapewa kingine.